Elimu ya Umma: Kutoka Ada hadi Ujifunzaji

Mji wa Kibaha una historia ndefu katika elimu ya Tanzania. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha hapo mradi uliounganisha elimu, afya na kilimo. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Kitaifa, Azimio la Musoma la 1974 lilihimiza Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto wengi waliandikishwa, lakini walimu na madarasa hayakutosha. Katika miaka ya 1980 uchumi ulidorora, na wazazi wakarudi kuchangia gharama. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza 2002, ulienda sambamba na kufutwa kwa ada ya shule za msingi. Mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne.

Kila ada ilipofutwa, madarasa yalifurika. Kufuta ada huondoa kizuizi cha mlangoni tu. Mtoto bado anahitaji mwalimu, kitabu, dawati na choo. Shule hupokea ruzuku kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo fedha hizo zikichelewa, vifaa hukosekana.

Hatua yenye manufaa makubwa ni kuhakikisha kusoma, kuandika na kuhesabu vinashikwa katika madarasa ya mwanzo, kwa sababu masomo yote yajayo huvitegemea. Hatua hiyo inahitaji walimu wenye mafunzo kazini, wanaogawanywa kwa haki kati ya mijini na vijijini, pamoja na chakula cha mchana shuleni. Mtoto wa maskini anastahili elimu iliyo bora, si nafasi darasani pekee.