Binti wa Yeftha na binti wa Agamemnon: Damu moja, maswali mawili

WASOMAJI wengi wa Biblia wanakijua kisa cha Ibrahimu na Isaka katika Mwanzo 22. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Waamuzi 11 inasimulia habari za mzazi mwingine aliyemwahidi Mungu sadaka, na safari hii hakukutokea kondoo wa kumwokoa mtoto.

Yeftha, jemadari wa Gileadi, aliweka nadhiri kabla ya kuwakabili Waamoni: akishinda, atakachokuta kikitoka nyumbani kumlaki atakitoa sadaka ya kuteketezwa. Alishinda. Aliyetoka, akicheza kwa matari, ni bintiye wa pekee.

Wagiriki nao walisimulia kuhusu mfalme Agamemnon. Merikebu zake zilikwama Aulis zikielekea vitani Troy, kwa kuwa Artemis, mungu wa kike, alikuwa amekasirika. Mwaguzi Calchas akatamka kwamba sharti Iphigenia, binti wa mfalme, achinjwe.

Mkondo ni mmoja: vita, kiongozi, mwanamwali, na ushindi unaolipiwa kwa damu. Je, nani alimwiga mwenziwe? Ufanano peke yake si ushahidi wa uigaji. Jamii zote mbili zilitoa sadaka za wanyama na kuziogopa nadhiri, hivyo swali lilelile lingeweza kuzuka kote kuwili.

Tofauti ndizo zenye uzito. Agamemnon alidaiwa sadaka. Yeftha hakudaiwa chochote, alinaswa na ulimi wake. Katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK, damu ya Iphigenia inazaa kisasi: mamake, Clytemnestra, anamuua Agamemnon. Baadaye Euripides alisimulia kwamba Artemis alimnyakua msichana na kumwacha ayala madhabahuni, mfano wa kondoo wa Isaka.

Kwa binti wa Yeftha, mbingu zilinyamaza. Wapo wafasiri, tangu Enzi za Kati, wanaoshikilia kwamba hakuuawa bali aliwekwa wakfu asiolewe. Hata hivyo, Biblia haimtaji jina. Inasema tu kwamba aliomba miezi miwili ya kulia milimani na wenzake, na kwamba binti za Israeli walimkumbuka siku nne kila mwaka.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeftha alijikwaa ulimi. Aliyeanguka ni mwanawe.