Sarafu za babu kwenye kopo: Zipi zina bei, zipi ni kumbukumbu?

Kwenye kabati la mama mmoja wa Bombambili, mjini Songea, kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za zamani. Aliliacha marehemu baba mkwe wake, na kwa miaka mingi watoto walizifanya kete za drafti.

Binti yake alipochaguliwa kujiunga na kidato cha tano shule ya bweni, godoro, sanduku na nauli vilikuwa bado havijapatikana. Ndipo akatokea kijana aliyesema sarafu moja ni "ya Mjerumani", na kwamba yuko mnunuzi atakayetoa mamilioni. Sharti ni moja: mama atoe kwanza Sh150,000 za "kipimo".

Mama alikuwa ameshashika hela ya godoro mkononi. Aliyemzuia ni binti.

"Mama, kama ina mamilioni, si akate hiyo laki na nusu humohumo?"

Kijana aliaga kwamba atarudi. Hakurudi.

Kopo kama hilo lipo katika nyumba nyingi, na mzazi mwenye shida ya ada hudanganyika haraka. Ni vizuri kujua kinachoipa sarafu bei. Umri peke yake hauleti bei. Yapo mambo matatu.

Kwanza ni madini. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu maalumu za kuhimiza uhifadhi wa wanyamapori: ya Sh25 yenye twiga na ya Sh50 yenye faru, zote za madini ya fedha, na ya Sh1,500 yenye duma, ya dhahabu. Hiyo ya duma ina uzito wa gramu 33 na ushee, na sehemu tisa kati ya kumi ni dhahabu. Hata ikikwaruzika, dhahabu yake ina soko. Lakini sarafu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, hivyo si rahisi kuzikuta kwenye chenji ya babu.

Pili ni uchache wake na wingi wa wanaoitaka. Sarafu ya Sh5 yenye pembe kumi na sura ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa 1971 kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ilitengenezwa kwa wingi, tena kwa shaba na nikeli. Ni kumbukumbu nzuri, lakini haisomeshi mtoto. Vivyo hivyo hela nyingi za Mjerumani, zilizomwagwa kwa mamilioni. Tofauti ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita. Zilikuwa chache, na wakusanyaji duniani wanazigombania hadi leo.

Tatu ni hali yake. Mkusanyaji anataka sarafu ambayo maandishi na picha havijafutika. Usiisugue kwa majivu, limao wala dawa ya meno. Ukiing'arisha, umeipunguzia bei.

Namba iliyoandikwa nayo isikuchanganye. Mwaka 2011, katika maadhimisho ya miaka 50 ya Uhuru, Benki Kuu ilitoa sarafu ya madini ya fedha yenye thamani ya Sh50,000. Mkusanyaji akiinunua leo haangalii namba hiyo tu. Anaangalia uzito wa madini, hali yake na kama kasha lake bado lipo.

Zile za Afrika Mashariki zenye simba na milima, angalia mwaka. Shilingi za hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha. Kuanzia 1948 hazina kabisa.

Kuhusu rupia, wapo wanaodai ina nguvu za ajabu. Ukweli ni kwamba rupia ya Mjerumani ni madini ya fedha yasiyofika gramu 12. Anayekuambia zaidi ya hapo anataka hela yako.

Kabla ya kuuza, mzazi, piga picha pande zote mbili. Pima uzito kwa sonara ukiwa umesimama hapohapo, lakini kumbuka sonara hununua madini tu, hanunui historia. Linganisha na bei ambazo sarafu kama hiyo imeshauzwa, siyo bei ambayo mtu anaitaja. Usimkabidhi mtu sarafu akaondoka nayo, na usitoe hata senti moja kabla ya kulipwa.

Mama wa Bombambili alimwaga kopo mezani mbele ya mwalimu wa historia, jirani yake. Zilikuwamo senti, shilingi za pembe kumi, za simba za miaka ya 1950 na hela moja iliyochakaa. Zote pamoja hazikutosha nauli.

Lakini mwalimu aliichukua ile hela akawaeleza watoto kwamba hela mia moja zilifanya rupia moja, kwamba kodi ya Mjerumani ilidaiwa kwa rupia, na kwamba kodi hiyo ni moja ya sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Jumamosi iliyofuata wakaenda Makumbusho ya Majimaji.

Godoro lilinunuliwa kwa ile laki na nusu. Kopo limerudi kabatini, na watoto wametafuta vizibo vya soda kwa ajili ya drafti.