Mtu wa Nne Ndiye Mwenye Ligi

Ligi ya soka huishi kwa mtazamaji: yeye ndiye anayekata tiketi, anayelipia king'amuzi, anayenunua jezi yenye jina la mdhamini kifuani. Triathloni haina mtazamaji wa namna hiyo. Uwanja wake ni ziwa, barabara ya kijijini na njia ya msituni, na hakuna geti la kumsimamishia mtu adaiwe kiingilio. Wanaopiga makofi kando ya njia wengi wao ni wake, waume na watoto wa wanaokimbia. Kwa hiyo pesa lazima itoke kwingine, nayo hutoka kwa mshindani mwenyewe, ambaye ni mchezaji na mteja kwa wakati mmoja. Anayetaka kuelewa ligi za vilabu za Ujerumani, hasa zile za majimbo ambazo magazeti hayaziandiki, aanzie hapo. Kazi ya ligi hizo kiuchumi si kumtafuta bingwa. Bingwa angepatikana hata bila ligi. Kazi ya ligi ni kumpa mtu wa kawaida, ambaye hatapanda jukwaa la washindi maisha yake yote, sababu ya kulipa ada na kurudi mwaka unaofuata.

Madaraja yamepangwa kama ya soka. Juu ipo Bundesliga ya kwanza, chini yake ya pili iliyogawanywa kaskazini na kusini, kisha ligi za kanda, na chini kabisa ligi za majimbo: Nordrhein-Westfalen ina Oberliga, Verbandsliga na Landesliga, na Bavaria ina Bayernliga na Landesliga. Shirikisho la taifa, Deutsche Triathlon Union, lililoanzishwa mwaka 1985, linashughulika na ngazi za juu. Za chini zimeachiwa vyama vya majimbo. Timu hupanda na kushuka daraja. Msimu hutoka Mei hadi Septemba kwa mbio chache tu, nne au tano hivi, kila moja katika mji wake. Umbali ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio, au maradufu ya hapo, ambao ndio uliotumika triathloni ilipoingia Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Hayo yote ni ya kawaida. Siri iko kwenye hesabu ya pointi. Katika Bundesliga, timu ya wanaume hupeleka watu watano na wanne wa kwanza kufika ndio wanaohesabiwa. Ya wanawake hupeleka wanne, wakahesabiwa watatu. Nafasi walizomaliza hujumlishwa, na jumla iliyo ndogo ndiyo inayoshinda siku hiyo. Idadi ya watu hubadilika kidogo huko chini, lakini kanuni ni ileile. Tuseme klabu moja ina nyota wawili waliomaliza wa 1 na wa 2, mwenzao wa tatu akawa wa 9 na wa nne akawa wa 40. Jumla ni 52. Klabu ya jirani haina nyota hata mmoja, ila watu wake wamefuatana nafasi ya 10, 11, 12 na 13. Jumla ni 46, na siku ni yao. Sasa mtazame yule wa 40. Angemaliza wa 33, klabu yake ingepata 45 na kushinda. Nafasi saba za katikati ya kundi, ambazo katika mbio za mtu mmoja mmoja hazina thamani ya senti, hapa ndizo zilizobeba ushindi wote.

Kanuni hiyo fupi ndiyo injini ya biashara hii. Kwa kuwa mtu wa nne ana thamani, klabu humtafuta, humpa kocha, humlipia ada ya timu, na humweka mwingine wa akiba asije akaugua. Kwa kuwa anahitajika, naye hulipa uanachama, hukata leseni ya mwaka ya shirikisho, hununua vazi la mpira la kuogelea na baiskeli ambayo mara nyingi ni ghali kuliko kasi yake inavyostahili. Faida kubwa zaidi humwangukia mwandaaji wa mbio. Gharama zake karibu zote hazijali idadi ya watu: kufunga barabara, waokoaji wa majini, gari la wagonjwa, vizuizi, kampuni ya kupima muda kwa chipu, bima, vyoo vya kukodi. Wakija watu mia au mia tatu, bili inafanana. Anachokiogopa ni kukaa hadi wiki ya mwisho bila kujua wangapi watakuja, kwa sababu mshindani wa kawaida huangalia kwanza hali ya hewa. Timu za ligi hujiandikisha kabla msimu haujaanza, na mtu asiyejisikia vizuri Jumapili asubuhi hujikokota hivyo hivyo kwa kuwa akikosekana wenzake wanne wataumia. Timu 20 za watu watano ni washiriki 100 walio na uhakika miezi kadhaa kabla, na juu ya sakafu hiyo mwandaaji anaweza kujenga mbio za watoto, za wanaoanza na za wakongwe. Keki pia zisisahauliwe. Katika mbio nyingi za vilabu huko, wanachama huoka nyumbani na kuziuza mezani kando ya mstari wa kumalizia; gharama ya malighafi haimo kwenye vitabu vya klabu, basi kila kipande ni faida tupu.

Atatokea wa kusema kwamba hii ni picha ya huko chini tu, na kwamba juu ni fedha zilezile za kila mchezo. Kuna ukweli. Klabu ya TV Buschhütten, kutoka Kreuztal, imetwaa ubingwa wa Bundesliga mara nyingi ikibeba jina la EJOT, kampuni ya viungio na skrubu ya Bad Berleburg, na timu za ngazi hiyo hukodi wanariadha wa kimataifa wanaoonekana siku ya mbio tu. Lakini hata pesa hiyo inafungwa na hesabu ileile: nyota mmoja wa Olimpiki hununua nafasi moja tu kati ya nne, na tatu zinazobaki lazima zijazwe vilevile. Mfadhili anayemlipa mmoja bila kuwalipia wengine amepoteza pesa yake. Ndiyo maana mdhamini wa triathloni mara nyingi ni kiwanda cha jirani chenye wafanyakazi wa kuajiri mkoani, au benki kama LBS iliyowahi kuipa ligi ya Baden-Württemberg jina lake. Hatafuti kamera. Anatafuta wazazi na majirani, ambao wanatoka mtaa mmoja na yule mtu wa nne.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa Ironman, kampuni inayoandaa triathloni za masafa marefu. Wanda ya Uchina iliinunua kampuni hiyo mwaka 2015 kwa dola milioni 650, na mwaka 2020 ikauzwa kwa kampuni ya Advance kwa dola milioni 730. Hakuna atakayetoa hata sehemu ndogo ya kiasi hicho kwa Landesliga. Soko, wanasema wapingaji, limeshaamua: mtu anataka siku moja kubwa, medali na picha, na yuko tayari kuilipia euro mia kadhaa. Miji nayo inaipenda biashara hiyo kwa sababu mshiriki hulala hotelini. Rubavu, Rwanda, ilipokaribisha Ironman 70.3 mwezi Agosti 2022, wageni waliokuja walihitaji vitanda, boti na chakula cha siku kadhaa. Mshiriki wa ligi hutoka kwake alfajiri, hushindana, hula keki, hurudi kwake jioni. Kwa mwenye hoteli huyo ni mteja mbovu kabisa. Hoja hii inachanganya bei na mzunguko, hata hivyo. Anayelipia siku moja kubwa hutimiza ndoto, na aliyetimiza ndoto hana lazima ya kurudi. Chapa ile inapaswa kumtafuta mteja mpya kila mwaka, naye mara nyingi hutoka kwenye klabu alikojifunza kubadilisha viatu kwa haraka na kufunga kofia kabla ya kugusa baiskeli. Kazi ya kumfundisha imelipiwa na ligi, na chapa hailipi chochote kwa hiyo. Kama kuna lawama katika uhusiano huu, mimi naiweka hapo kabla ya kuiweka kwenye udogo wa ligi.

Udhaifu wa kweli uko kwingine, na hesabu ya pointi haiugusi: kazi ya bure. Mbio ndogo huhitaji watu kwa makumi wa kusimama kila njia panda, na sheria ya kodi ya Ujerumani, ambayo kuanzia 2021 hadi mwisho wa 2025 iliruhusu kiwango cha juu cha euro 3,000 kwa mwaka bila kodi kwa kocha na 840 kwa anayejitolea katika kazi nyingine, haiwaleti watu hao. Wengi hawapati hata senti. Masharti ya mamlaka kuhusu usalama wa barabara yanazidi kuwa ghali, na klabu iliyochoka huifuta mbio yake kimyakimya, ligi ikabaki na kalenda yenye pengo. Baadhi ya vyama vya majimbo vimeshaitaka kila klabu yenye timu itoe waamuzi au ilipe faini. Kanuni hiyo ingefaa ipanuliwe hadi kwa walinzi wa njia: anayeshindana Juni kwa jirani asimame na kibendera Julai kwa jirani mwingine. Klabu zenye timu tatu au nne zitalalamika kwamba zinatozwa mara nyingi kuliko wenzao, na hazitakuwa zimekosea, ila ndizo pia zilizo na orodha ndefu zaidi ya watu wa akiba wanaokaa nyumbani Jumapili.