Kabla hujamnunulia mama vidonge vya vitamini D, soma hapa kwanza

Mwaka jana mamangu alipimwa sukari asubuhi kabla ya chai. Mashine ikasoma 6.3. Daktari akamwambia huo si ugonjwa bado, ila amefika mlangoni: ukipimwa hujala na ipatikane 7.0 kwenda juu, kisha irudiwe na iwe vivyo hivyo, hicho sasa ni kisukari.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikimbilia simu. Dakika tano tu nikapata jamaa anauza kopo la vitamini D na kalisiamu, eti linazuia kisukari kabisa. Bei, 3,500. Niliacha chuo, kazi zangu ni za kuokoteza, lakini mama ni mama. Nikatuma pesa.

Mama aligeuza kopo mara mbili, akaniuliza, "Hizi ni za mifupa ama za sukari?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma.

Wazo lenyewe si upuzi. Watu wenye vitamini D kidogo mwilini huonekana kupata kisukari zaidi. Swali ni hili: ukiwapa vidonge, watakingika? Daktari Anastassios Pittas wa Boston, Marekani, na wenzake walipima jambo hilo kwa watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kama ya mamangu. Nusu walipewa yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, nusu vidonge vitupu. Matokeo yalitoka 2019. Baada ya kama miaka miwili na nusu, waliopata kisukari upande wa vitamini walikuwa 293, upande wa pili 323. Pengo dogo hivyo linaweza kuwa bahati tu.

Mwaka 2023, utafiti huo ulipojumlishwa na mwingine miwili, hatari ilionekana kupungua kwa asilimia 15. Si haba. Lakini ile "kabisa" ya muuzaji wangu iko wapi?

Kalisiamu nayo? Mwaka 2011 Pittas na wenzake walikuwa wameijaribu kwa watu 92, kwa wiki 16. Vitamini D ilisaidia kongosho kutoa insulini vizuri kiasi. Kalisiamu haikuleta tofauti ya maana. Na ukibugia hivi viwili kupita kiasi, unaweza kujitafutia mawe kwenye figo.

Sasa linganisha na hii. Mwaka 2002, utafiti mwingine wa Marekani wenye watu zaidi ya 3,000 ulipata kwamba walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzani wao na kufanya mazoezi, kama kutembea haraka, dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliomeza dawa ya metformini, asilimia 31.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Haina kopo, haina 3,500.

Sisemi utupe vidonge. Daktari akipima na kukuta vitamini D iko chini, meza alivyokuandikia. Kama ni kalisiamu, omena, sukuma wiki na maziwa ziko sokoni.

Siku hizi mimi na mama tunashuka matatu stage mbili kabla ya nyumbani, tunapiga mguu tukipiga stori. Chai yake imetoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja, na analalamika kila siku. Mwezi ujao tunarudi kupima, na safari hii nami nitatoa kidole.

Wako alipimwa lini?