Kausha damu: Shylock na Abunuwasi wapo ndani ya mkopo wako

Mama ntilie akikwambia amechukua "kausha damu", huna haja ya kuuliza. Ni ule mkopo wa chapchap: maswali machache, hela unapata siku hiyohiyo, halafu marejesho ni kila wiki, wakati mwingine kila siku. Ukikwama, wanakuja kubeba TV, godoro na hata masufuria.

Jina hilo ni la mtaani, si la darasani. Lakini aliyewahi kusoma Mabepari wa Venisi akilisikia lazima acheke kidogo, maana kesi nzima ya tamthiliya ile inaamuliwa na damu.

Ratili moja ya nyama

Kwa ambao hawajaisoma: Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, anakopa dukati 3,000 kwa Shylock ili amsaidie rafiki yake Bassanio anayetaka kwenda kuposa. Muda ni miezi mitatu. Riba? Hakuna. Shylock anataka kitu kimoja tu, tena anakiita mzaha: asipolipwa, akate ratili moja ya nyama, karibu nusu kilo, kwenye mwili wa Antonio.

Antonio anasaini. Zinakuja habari kwamba meli zake zimezama, muda unapita, Shylock anaingia mahakamani na kisu. Anayeokoa jahazi ni Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria wa kiume. Haukatai mkataba. Anausoma neno kwa neno: humu imeandikwa nyama, damu haikuandikwa. Basi kata, ila tone lisidondoke.

Shakespeare aliandika hayo mwishoni mwa karne ya 16. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Angeweza kuandika "wafanyabiashara", lakini akachagua "mabepari". Neno hilo lilitufikia kutoka India likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Kufikia wakati ule lilishakuwa karibu tusi la kisiasa. Binafsi naona Mwalimu alikuwa anatania akiwa hajacheka.

Kenya wao wamekwenda mbali zaidi: mkopeshaji wa mtaani anaitwa "shylock" moja kwa moja, hata na mtu ambaye hajawahi kushika kitabu hicho. Ni kumwonea kidogo, ukiniuliza. Shylock wa kwenye tamthiliya ni Myahudi aliyetemewa mate na Antonio huyohuyo kabla ya kuja kumkopa.

Sufuria iliyozaa

Sasa twende Getanuwas, kata ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara. Ukilisikia jina hilo kwa haraka unaweza kudhani ndiko kwao Abunuwasi. Hapana, ni sauti tu zimefanana. Abunuwasi wetu wa hekaya amelirithi jina la Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Lakini ipo hadithi yake moja ambayo nadhani mfugaji wa Hanang ataielewa haraka kuliko mtu wa Dar.

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Akairudisha ikiwa na kasufuria kadogo ndani: "Sufuria yako imezaa." Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili, hakuuliza kitu. Safari nyingine Abunuwasi akaazima tena, akakaa nayo. Alipodaiwa, akajibu kwa huzuni kwamba sufuria imefariki. Jirani akaja juu: sufuria inakufaje? Akaambiwa, si ulikubali kwamba inazaa?

Kwa mfugaji wa Kibarabaig, mali kuzaa si fumbo. Kumkabidhi ndugu au rafiki ng'ombe amtunze na akamue maziwa ni desturi ya zamani katika jamii nyingi za wafugaji. Ng'ombe huyo huzaa kweli, na ukame ukikaza hufa kweli. Anayemkabidhi anajua yote mawili yanawezekana. Mkopeshaji wa kausha damu, kama yule jirani, anataka sufuria ya kuzaa tu. Mtaji wako ukifa, wa kwake lazima uendelee kuzaa.

Inazaa kwa kasi gani?

Tuseme umekopa Sh100,000 na baada ya mwezi unatakiwa kurudisha Sh130,000. Hiyo ni riba ya asilimia 30. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana. Kwa laki moja, ni Sh3,500 tu. Na chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wanatakiwa kuwa na leseni.

Kwenye simu mambo ni yaleyale. Novemba 2024, BoT ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Baadhi ya programu za mikopo zinaomba ruhusa ya kuona majina yote uliyohifadhi kwenye simu. Ukichelewa siku mbili, bosi wako na mama mkwe wanapokea meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hiyo ndiyo ratili ya nyama ya siku hizi, na uliikatia mwenyewe ulipobonyeza "ruhusu".

Kutumia taarifa zako hivyo kunaweza kugongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo tunza hizo meseji, ni ushahidi. Kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya BoT. Omba mkataba, usome kipengele cha dhamana kabla ya kile cha kiasi. Na ukiambiwa uache kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ondoka tu. Hapo humhitaji hata Portia.