Baiskeli ya Upepo Nyumbani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua



Miongoni mwa nasaha ambazo mama wa makamo hutoka nazo kliniki siku hizi, mojawapo ni ya maneno matatu tu: fanya mazoezi zaidi. Nasaha hiyo ni nyepesi kutamkwa na nzito kutekelezwa. Vichochoro vya mitaa yetu vimejaa tuktuk na mikokoteni. Ufuoni kuna macho ya watu. Kumbi za mazoezi aghalabu huchanganya wanaume na wanawake. Na hata pale palipotengwa saa za wanawake, huenda saa hizo zikamkuta mama yumo jikoni au anawangoja watoto watoke madrasa. Siku zinapita, nasaha inasahaulika, na presha na kisukari havisubiri mtu apate nafasi.

Si kwamba mwanamke wa Kiislamu ni mgeni wa mazoezi. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kuwa Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, wakashindana tena na mara hiyo akashindwa. Kwa hivyo swali la wengi wetu si kama inafaa, bali ni wapi, saa ngapi, na kwa chombo gani.

Baadhi ya familia zimelijibu swali hilo kwa kufikiria chombo cha mazoezi ndani ya nyumba. Miongoni mwa vyombo hivyo ni baiskeli ya upepo: baiskeli isiyokwenda popote, yenye pangaboi kubwa mbele badala ya gurudumu, na mikono miwili mirefu inayokwenda mbele na nyuma kadiri miguu inavyozunguka. Si chombo kigeni sana duniani. Kampuni ya Schwinn ya Marekani iliieneza kwa jina la Airdyne tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini si chombo rahisi kwa bei, na fedha ya nyumba ina wenyewe wengi: karo, kodi, matibabu ya wazee. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji apime vyema kabla ya kutoa hata senti moja.

Namna inavyofanya kazi

Mtu anapokanyaga pedali, mnyororo au mkanda huzungusha pangaboi, na mapanga yake husukuma hewa. Hewa nayo hukataa kusukumwa, na kukataa huko ndiko kunakoupa mwili kazi. Ukienda polepole, hewa hukupinga kidogo. Ukiongeza kasi, hukupinga zaidi. Tena haiongezeki kwa ulinganifu. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya hewa inayokinza huwa takriban mara nne, na kazi ambayo mwili hutakiwa kuifanya katika kila sekunde hukaribia mara nane. Ndiyo sababu kijana mwenye misuli anaweza kuhema kama aliyekimbizwa baada ya nusu dakika tu, ilhali bibi yake, juu ya baiskeli ile ile, akaenda taratibu kwa robo saa bila taabu.

Hapa ndipo inapotofautiana na baiskeli nyingine za mazoezi. Zipo zinazotumia sumaku, na zipo zinazotumia kipande cha ngozi au sufi kinachobana gurudumu. Hizo zote zina kitufe au skurubu ya kukaza na kulegeza. Baiskeli ya upepo halisi haihitaji kitufe. Mguu wako ndio kitufe. Kwa nyumba yenye mama, binti, mama mkwe na wavulana wawili, hilo ni jambo la maana: kila anayepanda hubadilisha urefu wa kiti tu, akaanza.

Inayotufaa kwayo, na inayotusumbua kwayo

Faida ya kwanza ni sitara. Mwanamke hufanya mazoezi chumbani mwake, dirisha likiwa na pazia, bila kulazimika kuchagua baina ya afya na stara yake. Ya pili ni stima: ukinzani wake hautegemei umeme, na ile saa ndogo ya kuonyesha dakika na kasi aghalabu hutumia betri za kawaida. Stima ikikatika, mazoezi hayakatiki. Ya tatu ni joto. Pangaboi hilo hurusha upepo, na katika miezi ya kaskazi, hewa inapotulia na fukuto kupanda, upepo huo ni neema, ingawa hautoshi kuchukua nafasi ya dirisha lililo wazi. Ya nne ni mikono. Kwa kuwa mabega, kifua na mgongo hushirikiana na miguu, mwili mzima hupata kazi. Na mwenye goti linalouma anaweza kuweka miguu kwenye vishikio vya mbele, ikiwa vipo, akafanya kazi kwa mikono peke yake.

Ama kasoro zake, ya kwanza ni kelele. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo pangaboi linavyovuma, na nyumba zetu nyingi ni za ghorofa, sakafu ya huyu ni dari ya yule. Jirani ana haki, nayo ni kubwa. Mkeka mzito wa mpira chini ya baiskeli hupunguza mtikisiko unaoshuka sakafuni, lakini hauondoi mvumo wa upepo. Kwa hivyo saa baada ya Alfajiri, ambayo wengi huiona tulivu na nzuri, huenda isiwe nzuri kwa mtoto mchanga wa jirani. Afadhali umuulize kabla hujanunua.

Kasoro ya pili ni uzito. Zilizo imara huwa na kilo 40 hadi 60, na huchukua nafasi ya urefu wa sentimita 130 hadi 150 na upana wa sentimita 60 hadi 75. Uzito huo ndio unaoizuia isiyumbe, lakini mtu hana budi kuifikisha ghorofa ya nne kwa ngazi nyembamba. Pima mlango, pima ngazi, pima pembe ya chumba, na uache nafasi ya mikono kwenda na kurudi.

Kasoro ya tatu ni ya kwetu hasa: chumvi. Hewa ya bahari hula chuma, na jasho nalo ni chumvi. Baiskeli itakayowekwa kwenye roshani inayoelekea baharini itaanza kutu kwenye skurubu na mnyororo upesi kuliko ile iliyo chumba cha ndani.

Jaribio lisilo na gharama

Kabla ya kwenda dukani, fanya jaribio hili. Chagua saa unayodhani utaitumia kwa baiskeli. Kwa wiki mbili, katika saa hiyo hiyo, tembea kwa haraka ndani ya nyumba au panda na kushuka ngazi kwa dakika 20, siku tano kwa wiki. Ukiweza kuilinda saa hiyo dhidi ya wageni, simu na sufuria, basi baiskeli itapata mtu wa kuipanda. Ukishindwa, jua kwamba tatizo lako ni saa wala si chombo, na baiskeli haitakuletea saa. Itageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo, na kila ukiipita itakukumbusha fedha zako.

Jaribio hili pia huwafunza walio nyumbani. Mume na watoto watakapozoea kwamba mama hasumbuliwi baina ya saa fulani na fulani, nusu ya kazi imekwisha. Kuna nyumba ambazo mama hakukosa chombo wala nia. Alikosa mtu wa kumshikia mtoto kwa nusu saa.

Kuhusu malipo, jihadhari na mikopo ya lipa polepole ambayo ndani yake mna riba. Uliza wazi bei ya taslimu ni ngapi na jumla ya malipo ya muda ni ngapi, na ukiona tofauti usiyoielewa, muulize mwenye elimu kabla ya kutia sahihi. Wanawake wetu wana mchezo wa kupokezana, na zamu ya mchezo imekwishanunua majokofu na vyerehani. Yaweza kununua na hili. Ndugu wa nyumba moja pia wanaweza kuchanga, maadamu wamekubaliana mapema itakaa kwa nani na nani atalipa fundi.

Ukifika dukani

Usinunue kwa picha ikiwa unaweza kuiona kwa macho. Panda, na uikanyage kwa nguvu kwa dakika mbili. Ikitikisika au kuinuka upande mmoja dukani penye sakafu sawa, nyumbani haitatulia. Sikiliza: mvumo wa upepo ni wa kawaida, bali mlio wa kukwaruza au kugonga si wa kawaida.

Tazama kama inaendeshwa kwa mnyororo au kwa mkanda. Mnyororo ni wa bei nafuu na fundi wa baiskeli anaujua, lakini unataka mafuta na hupata kutu. Mkanda huwa kimya zaidi na hauhitaji mafuta, ila uliza kwanza kama wapatikana humu nchini ukikatika. Uliza vilevile kuhusu beringi na pedali, na kama vipimo vyake ni vile vya baiskeli za kawaida. Chombo kisicho na vipuri ni chombo cha msimu mmoja.

Kiti kiwe chaweza kupanda na kushuka, na kwenda mbele na nyuma. Kipimo chepesi ni hiki: keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kisha ukiweka sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na huo ndio urefu unaofaa. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti; kilicho juu mno humfanya mtu ayumbishe nyonga. Ajaribu mfupi wa nyumba na mrefu wa nyumba. Soma pia uzito wa juu kabisa wa mtu unaoruhusiwa, kwani mwili mzito si aibu, bali ni kipimo cha kununulia.

Ikiwa ni ya mitumba, inamisha uangalie chini: kutu ya juu juu hufutika, lakini kutu iliyokwisha kula maungio ya chuma ni ya kuiacha. Shika mkono wa kanyagio uutikise. Ukicheza huku na huku, beringi zimechoka. Wala usivutiwe sana na idadi ya kalori inayoonyeshwa na ile saa. Hayo ni makadirio tu.

Kuitunza na kujitunza

Futa jasho kila baada ya mazoezi kwa kitambaa kikavu. Ifunike kwa leso ya zamani badala ya nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Mnyororo utiwe mafuta ya mnyororo. Mafuta ya kupikia huganda na kukusanya vumbi. Kaza skurubu kila mwezi.

Dera pana, buibui na leso iliyofungwa kiunoni havifai juu ya baiskeli hii, kwani pindo laweza kuingia kwenye pedali au kuvutwa na mnyororo. Vaa suruali ya kitambaa cha kunyonya jasho na viatu vilivyofungwa. Na watoto wadogo wawe mbali kabisa. Wavu wa pangaboi huwa na nafasi, na vidole vya mtoto ni vyembamba; pangaboi nalo huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya mtu kuacha kukanyaga. Chumba chenye mlango wa kufungwa ni bora kuliko ukumbi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150. Nusu saa kwa siku tano inatosha kukufikisha, na vipindi vifupi pia vinahesabika. Anza na dakika tano au kumi. Kipimo cha wastani ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kasida. Bandu bandu huisha gogo.

Mwenye maradhi ya moyo, presha isiyotulia, mja mzito, au aliyetoka uzazini karibuni, azungumze na daktari au mkunga kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba mazoezi hushusha sukari. Aipime, na aweke tende karibu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida ni amri ya kusimama na kutafuta matibabu. Katika Ramadhani, wengi huona wepesi kufanya kidogo baada ya kufuturu na chakula kushuka, maji yakiwa karibu.

Baiskeli ya upepo, basi, yamfaa aliye na chumba, jirani aliyeridhia, fedha isiyo na deni la riba, na saa iliyokwisha kujaribiwa. Anayekosa moja kati ya hayo asione kwamba mlango umefungwa: ngazi za nyumba yake na mwendo wa haraka ukumbini havidai malipo, na moyo haujui tofauti ya bei. Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya kumwabudu kwayo na nguvu za kuwalea tuliopewa amana. Amin.