Kadi katika mijadala ya utafiti wenye uwajibikaji

Kadi za majadiliano huwaweka watafiti, wahandisi na wananchi meza moja ili wapime athari za uvumbuzi ungali unatengenezwa. Nyingi zimeenea pamoja na fikra ya utafiti na ubunifu wenye uwajibikaji, iliyopewa nafasi kubwa na Umoja wa Ulaya katika programu ya Horizon 2020, kati ya 2014 na 2020. Mwaka 2013 Jack Stilgoe, Richard Owen na Phil Macnaghten waliifafanua kwa mambo manne: kutazamia yajayo, kujihoji, kushirikisha wengine, na kuwa tayari kubadili mwelekeo.

Mambo hayo ni mazuri lakini ni mapana mno. Mwanabiolojia akiulizwa wajibu wake kwa jamii, ni rahisi ataje fomu ya kamati ya maadili aliyokwisha kuijaza, na mazungumzo yakaishia hapo. Kadi humletea jambo moja la kushika: sampuli hizi zitakuwa mikononi mwa nani miaka kumi ijayo? Nani hatakitumia kifaa hiki, lakini kitamgusa?

Mfano mzuri ni PlayDecide, mchezo uliotokana na kadi za Democs za taasisi ya New Economics Foundation ya London. Hukaa watu wanne hadi wanane, kila mmoja akiwa na karatasi pana ya kupangia kadi zake. Mchezaji husoma kadi za visa na kuchagua kisa kinachomgusa, kisha huchagua kadi chache za taarifa na za hoja, akawaeleza wenzake kwa nini amezichukua hizo. Mjadala ukishakolea, kundi hupigia kura misimamo minne ya kisera, halafu hujaribu kutunga wa tano ambao wote wanaweza kuukubali.

Kuna pia kadi ya njano. Anayeona utaratibu umevunjwa, au asiyeelewa kinachosemwa, huiinua, na mazungumzo husimama. Mwanafunzi aliyeketi na profesa wake hathubutu kumkatiza; akiinua kadi, anafuata tu kanuni za mchezo. Hata swali zito huwa limeulizwa na kadi, si na mdogo kwa mkubwa. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na semina ya kawaida ni nadra kuitoa.

Seti nyingine zina mkazo tofauti. Envisioning Cards za Chuo Kikuu cha Washington huwaelekeza wabunifu kwa wadau, muda, tunu na kuenea kwa teknolojia. Moral-IT za Chuo Kikuu cha Nottingham hugusa faragha, usalama, sheria na maadili. Kundi huzipanga kadi kwa uzito wa hatari, kisha hutaja kinga na ugumu wa kuitekeleza. Huko Vienna, Ulrike Felt na wenzake walitunga IMAGINE RRI kwa ajili ya watafiti wa sayansi za viumbe.

Udhaifu wa kadi uko kwa mtungaji wake: asichokiandika huenda kisijadiliwe kabisa. Kwa hiyo seti nzuri huwa na kadi tupu, na mwezeshaji makini huzigawa mapema, kabla washiriki hawajachoka. Kazi yake nyingine ni kuandika kilichoamuliwa, nani atakitekeleza na lini, kwa kuwa mradi unaoendelea vilevile baada ya kikao haujatimiza lile jambo la nne, la kuwa tayari kubadili mwelekeo.